Isale Uliloniwekea Mkononi

Mwanangu Aika,

“Ukimtuma mtoto maji akakaa kucheza mfongoni, nyumbani watalala na kiu.”

Hayo ni maneno ya mjomba wako Prosper. Aliyasema Krismasi iliyopita kule Kirua Vunjo, wewe ukiwa Pune, India, picha zako zikipita mkono kwa mkono kwenye simu ya bibi yako. Wewe juu ya kilima na wenzako. Wewe jukwaani umeshika kipaza sauti. Wewe umevaa sari, unawapakulia ndizi watu ambao walikuwa hawajui kwamba ndizi hupikwa. “Hivi darasani anaingia saa ngapi?” akauliza mjomba wako. “Dada, binti amekwenda kusomea uhandisi wa maji au amekwenda harusini?” Ukoo mzima ukacheka.

Mimi sikucheka. Unanijua. Niliweka chini kata ya pombe ya mbege nikaanza.

Nilimwambia kwamba mfano wake unavuja. Sisi tuliotumwa maji tulijifunza nini pale mfongoni? Kujaza ndoo ni kazi ya dakika chache. Yaliyobaki tuliyapata kwa kukaa pale pale anapopaita mchezoni: kusubiri zamu, kumzuia anayeruka zamu, kugombana asubuhi na kupatana jioni, kujua nani nyumbani kwao kuna mgonjwa ili apite kwanza. Nikamwambia zaidi. Huo mfongo wenyewe, mfereji unaoteremsha maji kutoka mlimani hadi kwenye migomba yake, haukuchimbwa na mtu mwenye cheti. Ulichimbwa na watu waliokaa wakabishana, wakakubaliana nani amwagilie siku gani, na nani atozwe akiiba maji. Mhandisi asiyejua kukaa na wakulima wenye hasira atachora bomba zuri, na wao watalivunja. Atajifunzia wapi hayo? Kwenye hesabu za shinikizo la maji? Atajifunzia kwenye klabu za chuoni, kwenye mdahalo, kwenye kupika pamoja na mtu asiyejua lugha yake. Kwa hiyo, nikamalizia, anayesema klabu ni utoro ndiye hajui shule ni nini.

Mjomba wako alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Haya dada, umeshinda,” akainuka kwenda kuwakatia ng’ombe majani.

Nilirudi Moshi nimefurahi. Sasa kesho unaondoka tena, mabegi yako yako sebuleni, na mimi sijui kama siku ile nilishinda kitu. Kila nilichomwambia kilikuwa kweli. Bado ningekisema leo. Lakini Jumapili hii klabu niliyoitetea iliingia kwenye kihamba chetu, shamba letu la ukoo, ikakaa kwenye kigoda, ikanigeukia mimi, na tangu siku hiyo mimi na wewe tunaongea habari za pasipoti na kilo za mizigo tu. Sitaki uondoke hivyo. Ndiyo sababu ya barua hii. Habari za sweta na za kula vizuri utazisikia kwa bibi yako kwenye simu.

Nianzie mbali kidogo, maana ninatafuta mahali nilipopotea.

Unakumbuka sheria ya nyumba yetu. Ulikuwa mdogo bado, hutaki uji, nikakuambia, “Nipe sababu tatu.” Hutaki kwenda kwa jirani, sababu tatu. Unataka kubaki na paka chumbani, sababu tatu. Niliona ninakupa silaha. Mimi nilikulia kwenye nyumba ambamo msichana akiuliza “kwa nini” aliambiwa akaoshe vyombo. Nilisoma vitabu nikiwa nimejificha kahawani, nikaapa binti yangu hatanyamazishwa na mtu. Sikufikiri kwamba anayeweza kumnyamazisha ni mimi. Sababu zako zilikuwa za mtoto, nami nilizibomoa moja moja kama ninavyobomoa makala za watu gazetini. Ulipofika kidato cha pili ulikuwa umeacha kutaka kitu chochote kwa sauti. Walimu waliandika, “Mtulivu, mwenye nidhamu.” Nilijivunia. Mwanamke ninayelipwa kuwasoma watu, nilisoma kimya cha mwanangu nikakiita nidhamu.

Kisha ukaenda Pune. Mwaka wa kwanza ulinisimulia kwamba uliingia chumba cha mdahalo kwa bahati mbaya, ukitafuta mazoezi ya kwaya. Uliona haya kutoka, ukakaa. Wiki iliyofuata wakakuokotesha kikaratasi cha kura, ikakuangukia kutetea upande unaouchukia. Ukanipigia unalia.

“Mama, nimepewa upande ambao siuamini.”

“Basi ondoka,” nikakuambia. “Mtu haongei uongo kwa sababu ya kura. Waambie mama yako kasema.”

Hukuondoka. Nilijua baadaye. Na hili nikiri wazi: lilinichoma. Miaka yote ulinitii katika mambo madogo, ukaja kunikatalia katika jambo ambalo mimi ndiye mjuzi wake. Nilikuuliza ulifanyaje. Ukasema mna kanuni: kabla hujampinga mtu, umrudishie hoja yake kwa maneno yako mpaka yeye mwenyewe akubali na kusema, “Ndiyo, hivyo ndivyo.” Asipokubali, huna ruhusa ya kuendelea. Nikacheka simuni. “Ukifanya hivyo si unamsaidia adui?” Ukasema, “Huwa anashangaa, Mama.”

Ukanisimulia pia ile klabu ya kupanda vilima, jinsi walivyokutania ulipobaki wa mwisho unahema. “Wewe si wa Kilimanjaro?” Ukawajibu, “Kilimanjaro sisi tunaitazama, hatuipandi.” Hilo nilimsimulia kila mtu sokoni. Lakini ukaongeza jambo ambalo sikumsimulia mtu, kwa sababu niliona ni upuuzi. Ulisema kwamba kwenye msafara wenu mwenye nguvu kuliko wote hutembea nyuma kabisa, pamoja na anayechoka. Nilijiuliza ni mwenye nguvu gani huyo anayekubali kutembea nyuma.

Basi, Jumapili.

Tumetoka misa, tumekula mtori wa bibi yako, tumekaa nyuma ya nyumba. Mjomba wako akakohoa, akasema bila kunitazama, “Dada, ile mibuni ya upande wa chini naing’oa. Napanda parachichi. Kuna mnunuzi anatokea Holili, ameshakuja kuangalia udongo.”

Unajua ninavyoandika kuhusu kahawa. Kuna watu wanaoniita Mama Kahawa, na wengine hawaniiti hivyo kwa upendo. Nikamwambia, “Mibuni aliyoipanda baba? Iliyonisomesha mimi, ikakuezekea wewe hilo paa unalolala chini yake? Unampa mtu wa Holili?”

“Simpi mibuni, dada. Nitamuuzia parachichi.”

“Leo parachichi! Na bei ikianguka utang’oa parachichi upande nini? Bangi?”

Watu wakacheka, kama kawaida wanavyocheka wakiwa upande wangu. Yeye akatabasamu lile tabasamu lake, akaegemeza mikono magotini ainuke. “Haya dada...”

Ndipo ukasema, “Mjomba, kaa kwanza. Shikamoo tena.”

“Marahaba tena,” akajibu, amechanganyikiwa.

“Mama, naomba nimsemee mjomba.”

“Wewe? Wewe unajua nini kuhusu kahawa?”

“Sijui. Ndiyo maana nataka kumuuliza.”

Ukaburuta kigoda chako, ukakaa karibu naye, ukanipa mgongo. Hukunipa mgongo kabisa, lakini mimi niliuona mgongo. Ukamuuliza kwa nini. Akasema neno moja. Ukamrudishia. “Sivyo,” akasema. Ukamuuliza tena. Akasema mawili. Ukamrudishia. “Karibu,” akasema, “lakini umesahau magoti yangu yanayouma.” Watu wakacheka, naye akacheka, kisha akaanza kuongea. Aika, mdogo wangu yule nimemjua tangu akiwa mgongoni mwa mama, sijawahi kumsikia akiongea hivyo. Bibi yako akapiga makofi: “Leo Prosper ana mdomo!”

“Nimeukodi, mama,” mjomba wako akasema, akakuonyesha wewe kwa kidevu.

Ukasimama ukasema kwa niaba yake. Kwamba hajasema kahawa ni mbaya. Kwamba mibuni inataka mikono, na mikono iliyobaki kwenye kihamba ni yake na ya mkewe, watoto wao wako Dar. Kwamba sisi wengine tunakuja Desemba, tunapiga picha chini ya mibuni, tunakula mbuzi, tunaondoka, na Januari yeye anabaki na kupogoa na kunyunyiza dawa. Kwamba angeweza kung’oa bila kutuambia, maana kihamba ni chake kwa mila, lakini amekohoa akatuambia.

“Ndiyo,” akasema mjomba wako. “Hivyo ndivyo.”

Ningeweza kujibu yote hayo. Nilikuwa tayari nimepanga majibu kichwani. Lakini wewe hukukaa. Ulimgeukia ukamuuliza, taratibu, “Na kingine, mjomba?”

Akatazama chini. Akasema, “Kingine ni lile la redioni.”

“Lipi?” nikauliza.

Ni wewe uliyelisema, kwa sababu yeye hakuweza. “Anayeng’oa mbuni wa baba yake anamfukua baba yake kaburini.”

Ni langu. Niliandika gazetini, nikalisoma redioni, nililipenda. Watu walilirudia. Nilipoliandika sikumfikiria mjomba wako. Nilikuwa nafikiria watu kwa ujumla, wale ambao sisi waandishi huwafikiria. Yeye alikuwa ameng’oa mistari miwili ya mibuni iliyokauka msimu ule. Jumapili iliyofuata jumuiya ilipokutana nyumbani kwake kusali rozari, mtu mmoja akamuuliza kama mzee amelala salama huko aliko. Walicheka. Kaburi la babu yako liko hatua chache tu kutoka pale walipokaa.

“Sikumtaja mtu jina,” nikasema.

“Dada,” akasema mjomba wako, “kijiji kizima kinajua dada yangu ni nani.”

Nikainuka. Nikasema tutaongea siku nyingine, barabara ina matope. Hayakuwapo matope.

Nikiwa mlangoni mwa gari ukanifuata. Ulikuwa umepita kwenye mpaka wa kihamba, pale masale yalipopandwa kuzunguka makaburi, ukachuma jani moja. Ukaniwekea mkononi bila kusema neno.

Kwa Mchagga hakuna haja ya neno. Anayekujia na isale amekuja kuomba msamaha, na humkatalii, hata kama damu imemwagika. Nililitazama lile jani, moyo ukalegea. Nikaona mwanangu amejutia kunipinga mbele ya ukoo. Nikakushika shavu, nikasema kwa sauti ya huruma, sauti ambayo sasa nikiikumbuka natamani kuingia chini ya meza, “Nimekusamehe, mwanangu.”

Ulinitazama kama mtu aliyeongeleshwa kwa lugha asiyoijua.

“Mama, mimi sijakukosea. Hilo ni la wewe kwenda nalo kwa mjomba. Yuko pale zizini.”

Hakuna makala iliyowahi kunijibu hivyo. Nililitupa lile jani kiti cha nyuma. Nikaendesha hadi Moshi bila kuwasha hata redio. Asubuhi nikalikuta mezani kwangu, limesimamishwa kwenye glasi ya maji, karibu na karatasi zangu. Ni wewe uliyeliweka. Nami sikulitoa. Liko hapa mbele yangu ninapoandika, na wala halijanyauka. Unajua masale yalivyo magumu kufa.

Sasa nikueleze jinsi nilivyochanganyikiwa, kwa sababu nimezoea kukueleza nilivyo na hakika, na labda hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko mengine.

Kwa siku kadhaa nimejaribu kukukasirikia. Nilijiambia klabu imekuharibu, imekufundisha kuwa wakili wa yeyote, kinywa cha kukodi kama mjomba wako alivyotania. Kisha nikatambua kwamba hayo ni maneno yake yeye ya Krismasi, nimeyavalisha koti langu. Nikayaacha. Nikajaribu kujivunia. Nilisema, huyu ndiye binti niliyemtaka, asiyeogopa hata mama yake. Lakini nikakumbuka nilichotaka hasa ni binti asiyeogopa watu wengine. Nikayaacha hayo pia. Saa nyingine nadhani ulinionea mbele ya watu. Saa nyingine nadhani hakuna mtu aliyewahi kunipenda kwa ujasiri kama ule. Nikimaliza kikombe cha chai nimehama upande, na mimi sijazoea kuhama.

Juzi jikoni, unamenya ndizi, nilikuuliza swali lililokuwa linanitafuna. “Jumapili ile uliamini ulichosema, au ulikuwa unacheza mdahalo? Ulipewa upande?”

Hukuinua kichwa. “Hakuna aliyenipa upande, Mama. Niliona upande ule hauna mtu.”

Simu yako ikaita, ni wenzako wa Pune, ukatoka nje unacheka nao kwa lugha zenu tatu zilizochanganyika. Nilibaki na maganda ya ndizi.

Aika, nimekuwa nikisimama kwenye majukwaa nikijiona niko na wanyonge. Nimewatetea wakulima wa kahawa dhidi ya walanguzi, dhidi ya wakubwa, dhidi ya kila aliyevaa tai. Na mkulima wa kahawa ninayemjua kuliko wote amekuwa akiniambia “Haya dada, umeshinda” kwa sababu alikuwa anawahi kuwakatia ng’ombe majani, na kwa sababu alikuwa amechoka. Kila mara alipoinuka nilidhani hoja imekwisha, kumbe mtu tu ndiye ameondoka. Hili nimelijifunza ukubwani na kwa aibu, na silijui bado vizuri kiasi cha kukufundisha. Ninakupa kama lilivyo. Mtu akikuambia umeshinda, mtazame kama bado amekaa.

Wala usidhani nimebadilika kuhusu parachichi. Nadhani mjomba wako anakosea. Kahawa nayo ilikuja na wanunuzi waliotabasamu, na bei haikuwahi kukaa mikononi mwetu. Sioni kwa nini mtu wa Holili atakuwa mwema zaidi. Nitamwambia hivyo. Lakini nitamwambia nikiwa nimekaa, na baada ya kumrudishia ya kwake mpaka aseme ndiyo, hivyo ndivyo. Sijui kama nitaweza. Nitakuwa nawahi kujibu. Utanicheka.

Na kuna lingine ambalo siwezi kulitatua, nakuachia kama nilivyolikuta. Nilikupeleka ng’ambo upate elimu ya maji. Elimu hiyo sina hofu nayo. Vitabu vyako nimevifungua, sielewi kitu, ninaviamini. Ila hiki kingine ulichokipata nje ya darasa, kwenye chumba ulichoingia kwa bahati mbaya na kwenye vilima ulivyopanda wa mwisho, sijui nikiite nini. Kimekurudishia sauti niliyokunyang’anya. Nami natamani kuwashukuru hao watu wasionijua, na papo hapo nawaonea wivu. Wewe ulikuwa na upande wako hapa nyumbani muda mrefu, nao pia haukuwa na mtu.

Sasa nisikilize, maana barua hii ina mambo ninayokudai.

Kesho tutaondoka mapema kuliko tulivyopanga. Najua Kirua Vunjo ni kinyume kabisa na uwanja wa ndege. Tutapita. Nitalitoa jani hili kwenye glasi, nitalishika mwenyewe, nitashuka hadi zizini. Wewe ubaki garini. Usinisemee, hata ukiona nimekwama, hata ukiona midomo yangu haitoi neno. Mwache mjomba wako anione nimekwama. Anastahili.

Kisha tukishapita Moshi kuelekea uwanjani, kabla hujaniaga, unijibu swali ambalo hukulijibu jikoni. Ulimsemea mjomba, na ulimsemea vizuri. Huko Pune umewasemea watu usiowajua na mambo usiyoyaamini. Mimi nataka kumsikia Aika. Mibuni ile ya babu yako, wewe mwenyewe, bila kura na bila kiti kitupu cha kujaza, unataka ing’olewe au ibaki?

Usinipe sababu tatu. Usinipe hata moja. Niambie tu unachotaka, na mimi nitanyamaza.

Mama yako.